Mbao isiyofika milimita moja: jinsi nilivyonogewa na kukereza peni

Ukimpa mtu peni ya mbao uliyoikereza mwenyewe, haanzi kuandika nayo. Anaigeuzageuza kwanza, anaipima uzito mkononi, anapitisha kidole pale mbao inapokutana na chuma, alafu anauliza lile swali ambalo karibu kila mtu huwa analiuliza, hivi hilo shimo la katikati umelitoboaje mpaka likanyooka hivyo? Na hapo bila kujua kagusa palepale kazi ilipo. Wengi wanadhani utamu wote wa hii hobi uko kwenye mashine ya kukereza ikizungusha mbao na maranda yakiruka, video zote za mtandaoni ndo zinaonyesha hicho, ila ule muda wa patasi kugusa mbao ni mfupi ajabu. Dakika chache umbo limeshatoka. Peni itadumu au itapasuka baada ya miezi, hilo limeshaamuliwa kabla hujaanza kukereza, na itapendeza mkononi au haitapendeza, hilo linaamuliwa ukishaweka patasi chini.

Ngoja nipige hesabu moja tu, manake bila hiyo hesabu mengine yote yanaonekana masharti ya kusumbuana. Peni ambayo wengi wanaanzia nayo ni ile nyembamba ya kuzungusha inayoitwa Slimline. Ndani yake kuna vibomba viwili vya shaba njano vyenye kipenyo cha milimita 7, na mbao inagundishwa juu ya hivyo vibomba. Kwenye ncha zake, pale mbao inapotakiwa ilingane na chuma, kipenyo chote ni milimita 8 na kidogo. Sasa toa 7, gawa kwa mbili, unaona kabisa kwamba mbao iliyobaki pale haifiki hata milimita moja. Kipande ulichoanza nacho kilikuwa cha mraba, karibu milimita 19 kila upande, kwa hiyo ukipiga hesabu ya eneo kama tisa ya kumi ya mbao yako inaishia sakafuni. Unachobaki nacho ni ganda la yai lililovikwa bomba.

Basi kila sharti la hii kazi limetoka hapo. Mbao nene ina uvumilivu, ukiipasha joto inavumilia, gundi ikikosekana sehemu inavumilia, isipokauka vizuri inajikunja kidogo na maisha yanaendelea. Mbao ya nusu milimita haina huo uvumilivu. Kila ulichokificha inakitoa nje.

Kuhusu mbao yenyewe habari ni nzuri sana, kwa sababu unahitaji kidogo mno. Kipande kisichofika hata shubiri moja kinatosha peni nzima, na ndo maana mabaki ya seremala, yale anayoyatupa au kuyachoma, kwetu sisi ni hazina. Mguu wa kiti kilichovunjika, fremu ya dirisha la zamani, tawi la mti uliokatwa uani, vyote hivyo vinaweza kuwa peni mradi vimekauka. Na kukauka nisisitize, mbao iwe na unyevu wa asilimia 10 hadi 12 hivi au chini ya hapo, kama huna kipimo basi iache ndani ya nyumba muda mrefu uwe unaipima uzito mara kwa mara mpaka uzito uache kushuka. Mbao mbichi inakerezeka vizuri kweli, inatoa maranda marefu kama utepe, utaifurahia siku hiyo, alafu ikikauka inasinyaa juu ya bomba ambalo halisinyai na hapo lazima ipasuke, haina pa kwenda.

Kitu kingine ambacho hakisemwi sana ni kwamba mbao inayopendeza kwenye meza si lazima ipendeze kwenye peni. Yale mawimbi makubwa ya mistari kwenye ubao mpana hayaonekani kabisa kwenye kitu chenye unene wa kidole, unabaki na rangi tu. Peni inataka mbao yenye michoro midogo midogo, iliyosongamana. Zile nundu zinazoota kwenye shina la mti, zile ambazo fundi wa meza anazikwepa kwa sababu mistari yake imevurugika haina mwelekeo, ndo zinatoa peni nzuri kuliko zote. Mzeituni nao ni mzuri sana, una michirizi ya kahawia ndani ya umanjano, ila hauna simile na joto, ukiukimbiza na msasa unakupa nyufa.

Na mpingo. Siwezi kuandika habari za peni nikauacha mpingo. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa kwenye maji unazama, nyuzi zake zimebana mpaka mbao inakaa kama jiwe, na ndo mbao inayotengenezewa klarineti na obo dunia nzima kwa sababu inashika skrubu na nyuzi za kukaza kama chuma. Kwenye mashine hautoi maranda laini, unatoa unga na vipande vifupi vifupi, makali ya patasi yanaisha haraka, lakini ukishaupiga msasa mpaka mwisho unang'aa wenyewe kabla hujapaka chochote. Mi kwenye mpingo naweka nta kidogo tu, basi. Ila kuna jambo la sheria hapa, jenasi nzima ya Dalbergia ambayo mpingo umo iko chini ya CITES, ule mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, kwenye Orodha ya II (isipokuwa ndugu yake mmoja wa Brazili ambaye alishawekwa kwenye Orodha ya I zamani, hiyo kali zaidi). Bidhaa iliyokwisha tengenezwa ina msamaha mradi mbao ya aina hiyo kwenye mzigo isizidi kilo 10, kwa hiyo peni moja mfukoni haina shida na huo mkataba, lakini vipande ghafi ukitaka kuvivusha mpaka vinahitaji vibali. Watu wanaoagizana vipande mtandaoni huwa wanalisahau hili.

Haya turudi kwenye shimo.

Unakata kipande vipande viwili, kimoja cha juu kingine cha chini, na kabla hujakata unachora mstari kwa penseli kuvuka ile sehemu ya kukata ili baadaye ujue kipi kilikaa wapi na kinatazama wapi. Usipochora, michoro ya mbao itakatika katikati ya peni, na jicho la mtu linaliona hilo hata kama mwenyewe hawezi kukwambia kinachomsumbua ni nini. Kila kipande kikate kirefu kuliko bomba lake kwa milimita mbili tatu. Alafu unatoboa na biti ya milimita 7, na hapa adui ni joto. Mashine polepole, sukuma kidogo, vuta biti nje utoe unga, sukuma tena, vuta tena. Ukisikia harufu ya kuungua umeshachelewa, ndani ya kipande tayari kuna nyufa ndogo ambazo hutaziona leo, utaziona siku mbao imebaki nyembamba. Kuna mbinu moja naipenda sana, unakiacha kipande kikiwa kirefu zaidi kidogo na unasimama kutoboa kabla biti haijatokea upande wa pili, alafu unakata ile ncha na msumeno mpaka shimo lionekane. Manake biti ikitokea yenyewe upande wa pili huwa inatoka na vibanzi, na wakati mwingine inapasua kipande kizima.

Kama mashine yako ya kukereza inaruhusu, toboa hapohapo juu ya mashine, kipande ndo kinazunguka na biti imetulia kwenye kichwa cha nyuma cha mashine. Shimo linakaa katikati zaidi kuliko drili ya kusimama, na jibu la lile swali la watu ni hilo tu.

Gundi nayo watu wanaichukulia poa. Kwanza bomba lipigwe msasa mpaka lipoteze mng'ao, shaba inayong'aa gundi haishiki vizuri. Pili ziba midomo ya bomba kwa nta au kitu chochote laini, la sivyo gundi inaingia ndani na baadaye vyuma vya peni havitaingia. Tatu ukiingiza bomba lizungushe huku unasukuma ili gundi isambae kote. Wengine wanatumia supaglu nzito na wanamaliza fasta, mi napenda epoksi ile ya sehemu mbili, kwa sababu supaglu ina tabia ya kushika bomba likiwa nusu njia na hapo hulisogezi mbele wala nyuma. Mbao zenye mafuta mafuta kama jamii ya mpingo zifute kwa asetoni kwanza. Na sababu ya ukali wote huu ni ileile hesabu ya juu, pakiwa na sehemu chini ya mbao haina gundi, patasi ikifika pale mbao haina cha kuegemea, inaruka.

Gundi ikikauka bado hujaanza kukereza. Ncha za kipande lazima zisawazishwe zikae pembe mraba kamili na bomba, kuna kifaa chenye meno kinachoingia kwenye bomba na kukwangua mbao, unakwangua mpaka uone shaba imemetameta unaacha hapohapo. Ukizidisha unafupisha bomba, na bomba likifupika peni haitafunga vizuri.

Sasa ndo unapanga vipande kwenye mandreli, yaani ule mwiba mrefu wa chuma unaopita ndani ya mabomba, na kila upande wa kipande unaweka bushi, yaani pete ya chuma. Bushi ndo kipimo chako, kipenyo chake ni sawasawa na kile cha chuma kitakachokaa pale, kwa hiyo ukikereza mpaka mbao ilingane na bushi umefika. Mandreli ina unene wa milimita 6 na kitu tu na ni ndefu, kwa hiyo ukikaza nati sana au ukisukuma kichwa cha nyuma kwa nguvu inajipinda kidogo, jicho halioni, lakini peni inatoka imevimba upande mmoja, yaani upande huu mbao imepanda juu ya chuma, upande wa pili chuma kimepanda juu ya mbao. Watu wanalaumu mashine, wengine wananunua mashine mpya kabisa, kumbe ni nati. Waliochoshwa na hilo wanaachana na mandreli, wanakereza kipande kimoja kimoja kikiwa kimeshikwa na ncha mbili tu za mashine, na kwa maoni yangu ndo njia bora zaidi ukishazoea.

Kukereza kwenyewe nitasema kidogo tu kwa sababu hakufundishiki kwa maandishi. Mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika ni sawa kwa kitu chembamba hivi, ila anza chini wakati kipande bado kina kona. Patasi iegemee kwenye kiegemeo kabla haijagusa mbao, kila mara, hata kama umefanya kazi hii miaka. Na makali. Patasi butu haikati, inasukuma na kuchana, nyuzi zinang'oka na unabaki na vishimo ambavyo msasa hauvimalizi. Siku hizi kuna patasi zenye vile vidogo vya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida, ambavyo havinolewi, vikiisha unavigeuza upande wa pili, na wanaoanza wanafika mbali haraka wakitumia hizo. Sina ugomvi nazo. Ila uso unaoachwa na patasi ya mshazari iliyonolewa vizuri ikiteleza juu ya mbao hauhitaji karibu msasa wowote, na sauti yake inabadilika, inakuwa mluzi mwembamba, ukiisikia unajua uko sawa hata ukiwa umefumba macho (usifumbe macho).

Umbo gani? Hapa wapya wengi wanapitiliza, wanaweka vimbe, mabonde, pete tatu, mpaka peni inakuwa mguu wa kitanda. Mkono unataka kitu kimoja, uvimbe mdogo unaoshuka taratibu kuelekea ncha ya kuandikia. Ulichonacho cha kuchezea ni milimita moja mbili tu, na zinatosha kabisa.

Alafu msasa. Anza na namba 240 kama patasi imefanya kazi yake, panda 320, 400, 600, na kila namba ukiimaliza simamisha mashine upige kwa mkono kufuata urefu wa mbao ili mikwaruzo ya kuzunguka iondoke. Usibane msasa kwa nguvu, kidole kikipata moto mbao imepata zaidi. Na msasa usikwangue bushi, vumbi la chuma linaingia kwenye vinyweleo vya mbao nyeupe na kuipaka kijivu ambacho hakitoki.

Finishi ndo vita ya wakereza peni wote, ukitaka kuwagombanisha waulize wanapaka nini. Kuna wanaopaka mchanganyiko wa sheleki (aina ya vanishi) na nta unaosuguliwa mashine ikizunguka, unatoa mng'ao wa kushangaza kwa dakika moja tu, na ukipiga picha hapohapo utasifiwa. Tatizo mkono una jasho na peni inashikwa kila siku, baada ya muda ule mng'ao unakufa na mbao inabaki na mabaka. Kundi la pili wanapaka supaglu nyepesi tabaka juu ya tabaka kwa karatasi laini, alafu wanasugua na maji kwa vile vipande vya msasa laini sana vya Micro-Mesh vinavyopanda kutoka 1,500 hadi 12,000 mpaka peni iwe kama kioo. Hiyo inadumu sana, maji hayaingii, jasho haliingii. Lakini sasa unashika plastiki yenye picha ya mbao ndani yake, na hapo ndo naona tunapoteza kitu, mana kama ni kushika plastiki zimejaa kila mahali. Mi kwa mbao ngumu zenye nyuzi zilizobana, ukiacha mpingo, napendelea mafuta magumu yenye nta, tabaka chache, nasubiri zikauke kwelikweli, na nakubali kwamba peni itabadilika rangi kidogo kidogo kadiri inavyotumika. Supaglu naiweka kwenye mbao laini na zile za nundu zenye vitundu, kwa sababu bila hiyo zitachakaa.

Tahadhari moja hapa isipuuzwe. Supaglu ikikutana na pamba inachemka, inaweza kutoa moshi na kuchoma ngozi, kwa hiyo usipake kwa kitambaa cha pamba wala usivae glavu za pamba. Na kitambaa chochote kwenye mashine inayozunguka ni hatari, kikinaswa kinavuta na mkono, karatasi ikinaswa inachanika tu. Vumbi nalo si la mchezo, IARC, lile shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kabisa kusababisha saratani kwa binadamu. Mbao nzuri nzuri za rangi kali ndo mara nyingi zinawasha zaidi. Vaa barakoa ya maana, vaa kinga ya uso, mikono ya shati iwe mifupi au imebana.

Sasa kuna wanaotubeza kwamba hatutengenezi peni, tunavalisha nguo vyuma vya kiwandani, na wana hoja kiasi. Vyuma vyote vinakuja kwenye seti, ncha, klipu, kile kidude cha shaba kinachosukuma rifili, yaani mrija wa wino, vyote. Lakini mwangalie László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria aliyeomba hataza ya peni yake ya kigololi mwaka 1938, hata yeye shida yake kubwa haikuwa bomba la nje, ilikuwa wino mzito usiovuja wala kukauka kwenye kigololi, na kwa hilo alimtegemea ndugu yake György aliyejua kemia. Kigololi na wino ni kazi ya kiwanda na itabaki hivyo. Wapo wanaokata nyuzi za kukaza wenyewe na kutengeneza mwili mzima bila seti, nawavulia kofia, ila hata wao rifili wananunua.

Na rifili ndo inayoamua kama peni itatumika au itakaa kwenye droo. Slimline inatumia ile nyembamba ya chuma ya aina ya Cross. Seti nyingi kubwa zaidi zinatumia aina ya Parker ambayo kwa jina la kiwango inaitwa G2, na usije ukachanganya na rifili ya peni ya Pilot inayoitwa G2 pia, hizo ni ndefu zaidi, haziingiliani. Nikiwa na uhuru wa kuchagua natengeneza ya aina ya Parker kwa sababu hii tu, rifili zake zinapatikana kirahisi na viwanda vingi vinazitoa.

Kuunganisha kunafanyika kwa kubana kwenye jiliwa lenye vipande vya mbao kwenye meno yake, taratibu, kila chuma kikiwa kimenyooka na bomba. Kile kidude cha kusukuma rifili kibane nusu kwanza, weka rifili, zungusha uone ncha inatoka kiasi gani, bana tena kidogo, angalia tena. Kikizidi kuingia rifili haitarudi ndani tena, na kukitoa bila kupasua mbao ni kazi ya shetani.

Ukimpa mtu hiyo peni mwonyeshe hapohapo jinsi ya kubadilisha rifili. Slimline haina sehemu inayoonekana ya kufungua, unashika nusu mbili na kuzivuta zinaachana, kisha unafungua rifili kwa kuizungusha na kuweka nyingine. Asiyejua akiishiwa wino anadhani imekufa, na kwa vile ni zawadi na ni nzuri anaona aibu kukuuliza. Mi siku hizi naweka na rifili ya akiba kwenye kiboksi, na kikaratasi chenye aina yake, kilichoandikwa kwa peni hiyohiyo.